Mwaka Kadi za Sauti Zilipocheza Mbina

Nila alifika kwangu Shinyanga na kompyuta ya marehemu mama yake ikiwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, imeviringishwa khanga na kufungwa mkanda kama abiria. Tuliibeba pamoja mpaka ndani, mimi nikichechemea, maana goti hili ndilo lililonizuia kwenda Mwanza mwezi uliopita kumuaga Mama Nila, na hilo linaniuma kuliko goti lenyewe. Tukaiweka juu ya meza ya chakula. Nila akafungua mkoba akatoa kifurushi kidogo cha kitambaa, akaniambia kwamba mwanawe amenogewa na michezo ya kompyuta ya zamani, ile ya wakati sisi tuko vijana, na anataka kuifufua mashine ya bibi yake jinsi ilivyokuwa. "Lakini kadi za sauti ziko mbili, Dada Kabula," akasema. "Moja imo ndani, nyingine hii hapa. Anauliza aweke ipi. Nikamwambia swali hilo lina mwenyewe." Sikuhitaji kufungua kitu. Nilijua kilichomo ndani ya mashine ile na nilijua kilichofungwa kitambaani, maana nilikuwepo siku Mama Nila alipochagua, mbele ya umati wa watu, na alichagua kwa ukaidi. Nikamwambia Nila akae kwanza tunywe chai.

Mwaka wenyewe ni wa tisini na sita. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, majina ya kidato cha tano yakatoka bila langu, na nikawa nauza kaseti na betri kwenye duka la Mama Nila hapa mjini. Mumewe, Baba Nila, alishughulika na vitambaa upande wa mbele. Upande wa nyuma, wenye redio, feni na kompyuta chakavu zilizokuja kwa lori kutoka Dar es Salaam, ulikuwa wa mama. Wateja waliokuja mara ya kwanza walimtazama yule mama wa Kihindi mwenye sari na wakatafuta Kiswahili chepesi cha kumwambia, naye akawajibu Kisukuma cha Kharumwa, kile cha ndani kabisa, kwa sababu alizaliwa huko baba yake akinunua pamba. Nimeona wanaume wazima wakirudi nyuma hatua moja kwa mshangao. Yeye alikuwa akifurahia jambo hilo kila mara, kama ndiyo kwanza linatokea.

Chumba cha nyuma kilikuwa na fundi, mwanamume mpole aliyenifundisha kushika bisibisi wakati wateja wamepungua. Kompyuta za wakati ule, kama hujazijua, zilikuja bubu. Zenyewe zilijua kulia tii na kunyamaza. Ili mchezo utoe muziki na mlio wa gari, ilibidi ufungue kasha uchomeke kibao cha kijani ndani, ndiyo kadi ya sauti, kisha uuambie mchezo kadi iko njia gani. Ukikosea njia, kadi iligombana na kitu kingine humo ndani na mashine iliganda katikati ya wimbo, noti moja ikiendelea kulia bila kukoma mpaka uzime umeme. Mara ya kwanza nilipogandisha mashine hivyo, jirani muuza mikate alikuja kuuliza kama kuna mtu amebanwa mlangoni. Nilipenda kazi ile kupita kiasi. Nilipenda hata harufu ya vumbi la ndani ya kasha likipata moto. Kisha fundi akapata kazi Mwanza, akaondoka, na meza yake ikabaki tupu, mimi nikiitazama kutoka kaunta ya betri.

Chakula cha mchana tulikula nyumbani kwao, nyuma ya duka. Viatu mlangoni, zulia, mapazia mazito ya kuzuia jua la Shinyanga, harufu ya bizari na ya udi uliokuwa umewashwa asubuhi mbele ya picha za miungu yao. Chapati nyembamba za kukunja, dengu, achari ya embe iliyonitoa machozi wiki za kwanza, na pembeni, kwa ajili ya mama peke yake, bakuli la michembe iliyochemshwa, maana viazi vile vikavu vya Kisukuma hakuna aliyeweza kumwachisha. Nila, binti yao, akiwa bado shule ya msingi, alikuwa akinisogezea achari yake kwa siri. Siku moja nikiwa nanawa mikono uani nikasikia wazazi wake wakizungumza sebuleni. Walichanganya Kigujarati na Kiswahili kama kawaida yao, na Kiswahili ndicho kilichobeba yale yaliyonihusu. "Kabula anauza betri vizuri," Baba Nila alisema. "Kwa nini umharibie? Mpwa wangu amesomea ufundi. Aje akae kwenye ile meza." Mama akasema, "Mzee Ndaki wa Rwamgasa anataka mashine za nyumba ya michezo. Mwache Kabula azitengeneze zile. Zikirudishwa, mlete mpwa wako, nami sitasema neno." Nilisimama pale na maji yakinitiririka viwikoni. Hakuna aliyewahi kuniwekea dhamana ya namna hiyo, na aliyeniwekea hakujua kwamba nimesikia.

Mzee Ndaki alikuwa na duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, na alikuwa na kibanda cha kuonyeshea video kilichokuwa kinakosa watu. Alitaka kompyuta za michezo ya mbio za magari, na agizo lake lilikuwa moja tu: "Sauti iite watu." Kwa hiyo kila kitu kikaangukia kwenye kadi. Kwa kazi ile zilikuwepo za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa ya bei kubwa, na ndani yake walikuwa wamehifadhi sauti za ala zenyewe, filimbi ni filimbi, fidla ni fidla, ila besi yake ilikuwa nyembamba. Ya pili ilikuwa rahisi. Yenyewe ilizitengeneza sauti zote kwa umeme, filimbi ikatoka kama mtu anapuliza chupa, lakini besi yake ilikuwa nene na ilikaa chini kabisa. Baada ya chakula Mama Nila alitukalisha sebuleni tukazisikiliza, moja baada ya nyingine, kwa mchezo uleule. Ile ya gharama ilipopiga filimbi za mwanzo wa mchezo, mama alifumba macho. Yeye alikuwa mpigaji wa kinanda cha mkono, kile cha kuvuta pumzi, na kila asubuhi aliimba nacho nyimbo za ibada. "Hii," akasema. Baba Nila akasema hii. Nila akasema hii. Ubishi haukuwepo.

Mimi ndiye niliyeuanzisha. Kwa shangazi yangu nilikokuwa nalala kulikuwa na mashine ya kusaga jirani, na nilijua kwamba mashine ile ikiwaka, kinachobaki cha redio ni ngoma peke yake. Rwamgasa kuna karasha, vile vinu vya kusagia mawe, vinanguruma kutwa. Nikasema, "Mama, filimbi hizi zitamezwa. Huko besi ndiyo itakayofika." Mtu mwingine angeniambia ninyamaze, au, vibaya zaidi, angenikubalia kwa kunihurumia kisha afanye lake. Mama Nila akaweka bakuli lake la michembe chini. "Mimi sikubali," akasema. "Na wewe hukubali. Basi tubebe zote mbili tukacheze mbina."

Kwa asiyekulia kwetu niseme kidogo. Mbina ni ngoma, na ngoma kubwa za Wasukuma baada ya mavuno ni mashindano. Vikundi viwili, Wagika na Wagalu, vinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na hakuna jaji. Watu wanasimama upande wautakao na wanahama wakichoka. Mwenye watu wengi mwisho ndiye mshindi, hata kama mwenzake amecheza kwa ufundi zaidi. Kila mtoto wa Kharumwa anajua hivyo, na Mama Nila alikuwa mtoto wa Kharumwa. Baba Nila alishika kichwa, akauliza tangu lini kompyuta inacheza ngoma. Mkewe alikwishaanza kutafuta spika mbili za mbao zinazofanana ili asije akasemwa ameniibia.

Tulisafiri kwa pikapu ya duka, mashine zikiwa zimelazwa juu ya magodoro. Kharumwa tulisimama kula kwa mama mmoja mtu mzima aliyecheza na Mama Nila utotoni, wakaamkiana kwa zamu ndefu za Kisukuma, mhola hii na mhola ile, hali ya watoto, hali ya ng'ombe, hali ya mvua. Tukaletewa ugali wa mtama na nsansa, majani makavu ya kunde yaliyopikwa kwa karanga. Mama alikula kwa mkono, ameketi chini, sari ameikunja magotini. Yule mwenyeji akanitazama na kumwuliza, kwa Kisukuma, akidhani sisikilizi, "Huyu ni wa nani?" Mama akajibu, "Huyu ni fundi wangu. Tunakwenda kupigana." Wakacheka wote wawili mpaka yule mama akajifuta macho kwa khanga. Mimi niliendelea kutafuna, lakini neno fundi lilikuwa limekwisha kuniingia, na nilijua likitolewa tena nitaumia.

Rwamgasa ilitupokea kwa kimya. Hilo sikulitegemea. Njia nzima nilikuwa nimejiaminisha na ngurumo za karasha, na sasa karasha zote zimesimama, dizeli haijafika. Ndege wanalia, mtu anakohoa upande wa pili wa kijiji unamsikia. Hoja yangu yote ilikuwa kelele, na kelele yenyewe haipo. Nilimtazama Mama Nila nikitumaini atasema tuahirishe. Yeye alikuwa ameingia nyumbani kwa Mzee Ndaki, akatoka amevaa sari nyekundu yenye uzi wa dhahabu, nadhani ni ya harusi yake, na njuga miguuni alizoazima sijui kwa nani. "Kwenye mbina kila mtu anakuja na dawa yake ya kuvuta watu," akaniambia. "Wewe dawa yako iko wapi?" Nikasema sina. "Pole," akasema, na alimaanisha.

Meza mbili ziliwekwa uwanjani zikitazamana, jenereta ndogo ya petroli ikafichwa mbali nyuma ya kibanda. Mzee Ndaki akaketi katikati kwenye kiti, mikono juu ya fimbo. Tukawasha. Filimbi za Mama Nila zikapanda hewani safi kabisa, na mama mwenyewe akapiga mguu, njuga zikalia, na mama ntilie wote wakaacha masufuria yao wakaenda kwake. Watoto wakawafuata. Upande wangu walikuja wachimbaji wawili watatu waliokuja kunitania. "Dada, hiyo ya kwako ina mafua?" mmoja aliuliza. Nikacheka, maana ningefanya nini. Niliona kaunta ya betri mbele ya macho yangu. Nilimwona mpwa wa Baba Nila, ambaye sijawahi kumwona, ameketi kwenye meza ya fundi na bisibisi mkononi.

Kisha akaja Masanja. Alikuwa mchimbaji mtu mzima, kifua kipana, ndiye aliyetega baruti kwenye duara la Mzee Ndaki. Alisimama kwanza upande wa Mama Nila, akatazama gari likikimbia kwenye kioo, akakunja uso, akaja kwangu. "Dada, ile ya mama mmesahau kuiwasha sauti?" Nilidhani naye ananitania. "Si unaisikia, kaka?" nikamjibu. Akatazama midomo yangu, akatikisa kichwa. "Naona gari linakwenda. Njuga zake naona zinaruka. Sauti hamna." Akaegemea meza yangu ili aone kioo vizuri, na kiganja chake kilipogusa ubao, uso ukafunguka. Akaweka na kiganja cha pili. "Hii inaongea!" akapaza sauti, kama wanavyopaza wote wanaofanya kazi ile. "Njooni! Hii ya dada inaongea!" Wachimbaji wakaanza kuvuka uwanja. Walikuja wakiweka viganja mezani, kwenye spika, kwenye nguzo ya kibanda niliyoegemeza waya, na besi ya ile kadi rahisi ikawapanda mikononi, wakaanza kutikisa vichwa pamoja. Meza ikajaa mikono, wengine wakashika mabega ya wenzao waliokuwa wameishika.

Mama Nila aliona. Alimwita Masanja kwake, akaongeza sauti ya mashine yake hadi mwisho, filimbi zikapiga kelele mpaka mama ntilie wakaziba masikio. Masanja alisimama pale ametulia, akimtazama kwa adabu, akingoja aiwashe. "Ni baruti, mama," alimwambia mwishowe. "Na karasha. Vitu vyembamba vinaondoka kwanza. Ndege sijawasikia siku nyingi. Mtoto wangu wa kike akiniita simsikii, wa kiume namsikia." Alisema bila kulalamika, kama mtu anayekuelekeza njia. Mama Nila akapunguza sauti polepole mpaka ikazimika. Nilimwona anatazama wale wachimbaji wote waliozunguka meza yangu, mmoja mmoja, na mkono wake ukaenda sikioni kwake bila yeye kujua. Nilikuwa nimeshinda, na nilikuwa nimeshinda kwa sababu ambayo sikuifikiria hata kidogo, wala yeye, wala mtu yeyote aliyekaa kwenye lile zulia baada ya kula dengu. Sikufurahi vile nilivyotegemea. Nilitaka kulia.

Mzee Ndaki alinyanyuka. "Mashine zangu zote ziwe kama ya huyu binti," akasema. Kisha akamgeukia Mama Nila, aliyebaki kwenye meza yake na mama ntilie wachache waliomwonea haya kumwacha. "Na wewe mama, huhami? Wenzako wamehama." Hapo ndipo Mama Nila alipopiga mguu mmoja, njuga zikalia. "Nimeshindwa," akasema kwa Kisukuma, ili kila mtu asikie. "Kushindwa nimeshindwa, lakini kuhama sihami. Hizi filimbi mimi nazisikia na nazipenda. Nitakwenda nazo nyumbani." Uwanja mzima ulicheka na kumpigia vigelegele, na hata Masanja alicheka, ingawa sijui alisikia kiasi gani. Ndiyo maana ile kadi ya gharama ilikwenda kukaa ndani ya kompyuta yake ya sebuleni, na ya kwangu, ileile iliyocheza, akaichukua pia baada ya kumfungia Mzee Ndaki nyingine za aina yake. "Ukumbusho wa adui," aliniambia.

Njiani tukirudi, mahali fulani baada ya Kharumwa alifungua kipochi chake akatoa bisibisi ya fundi, ile yenye mpini wa njano, akaniwekea mapajani. "Usifikiri nilikuachia," akasema. "Nilicheza kushinda." Nikamwambia najua, mama. Na mpaka leo hilo ndilo ninalomshukuru kuliko yote. Kunihurumia kungekuwa rahisi kwake. Nami ningeishi nikijiuliza. Alinipa uwanja uleule aliosimama yeye, akavaa sari ya harusi yake ili anishinde, na aliposhindwa akanipa kazi. Nimefundisha wasichana wengi tangu hapo kwenye karakana yangu, na kila mmoja nimebishana naye kwa nguvu zangu zote, nao wanadhani nina hasira tu.

Basi chai ikaisha, na Nila akawa ananitazama akingoja jibu la mwanawe. Nikaenda kuleta bisibisi. Mpini umepauka sasa, njano imekuwa kama rangi ya ugali wa mahindi. "Ndani imo ya filimbi," nikamwambia nikilegeza skrubu. "Mama yako hakuhama. Mwambie mtoto aiache palepale." Nikavuta kifuniko, vumbi likanipanda puani, harufu ileile, nikainama na miwani yangu. Kadi iliyokuwa ndani ilikuwa ya kwangu. Niliitambua kwa ule mkwaruzo wa pembeni ilioupata kwenye pikapu. Nikafungua kitambaa mezani, na humo, imefungwa vizuri, imo ile ya gharama.

"Nani amebadilisha?" nikauliza.

"Mwenyewe," Nila akasema. "Miaka ya mwisho masikio yalimwishia, Dada. Alianza kuacha kinanda chake, tukadhani ni huzuni ya kufiwa na baba. Kumbe alikuwa hasikii vitu vyembamba. Hata mimi nikimwita hasikii, mwanangu wa kiume akiita anageuka. Siku moja akamwambia mjukuu amshikie tochi, akafungua hiyo mashine mwenyewe, akatoa ile akaweka hii. Akawasha. Akaweka viganja mezani hivi, akakaa muda mrefu sana. Halafu akacheka peke yake." Nila akagusa ukingo wa kasha. "Akasema, siku ukimwona Kabula, mwambie nimehama."

Niliinamia kasha nikajifanya natafuta skrubu iliyoanguka. Nila akachomeka waya ukutani, akaunganisha spika yangu kubwa ya karakana, na ile mashine ya zamani ikaanza kuamka kwa taratibu yake, ikihesabu na kukoroma, hadi mchezo ukafunguka. Besi ikatoka, nene, chini kabisa, vikombe vya chai vikatetemeka kwenye visahani. Nikaweka viganja vyangu viwili mezani nikauacha mtetemo unipande mpaka mabegani.

"Karibu upande huu, Mama," nikasema.